Miche bila umeme wala bomba

Hotuba kwa wakulima wa bustani za viunga vya Dar es Salaam

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wote, habari za asubuhi.

Wengi tuliomo humu tuna vipande vya ardhi Chanika, Msongola, Mabwepande, Kibamba, au ng'ambo ya Kigamboni, kule Mwasonga na Kimbiji. Nguzo ya umeme iko mbali na shamba, bomba la DAWASA halijafika, na maji ni ya kisima au ya mvua. Ukienda kwenye kitalu kilichokamilika unakuta pampu, vinyunyizio vinavyotoa ukungu kutwa nzima, na jokofu la kuhifadhia vikonyo. Ukirudi kwako una kisu, ndoo, makuti na mchanga. Hivyo vinatosha kuzidisha sehemu kubwa ya mimea ya bustani za pwani, ila kwanza tuelewane kipandikizi kinakufa kwa sababu gani.

Kipandikizi ni tawi lililotenganishwa na mizizi yake. Majani yanaendelea kupoteza maji kila jua linapowaka, na chini hakuna kitu cha kuyarudisha. Mtu akiona majani yamelegea, anakimbilia ndoo. Mchanga unajaa maji, hewa inatoka, kitako cha kipandikizi kinaoza, na majani bado yana kiu. Kinachohitajika ni hewa nyevu kuzunguka majani, kivuli, na mchanga unaopitisha hewa kwenye kitako. Hayo yakiwepo, mimea mingi hutoa mizizi hata bila homoni ya kununua. Yasipokuwepo, homoni haitakusaidia kitu.

Nitakaa zaidi kwenye sanduku la nailoni, kwa sababu ndilo linaloziba pengo la umeme. Wataalamu wa misitu wa Uingereza, akiwemo Roger Leakey, ndio walioliboresha kwa ajili ya miti ya nchi za joto, mahali pasipo umeme wala bomba, na maelezo yao yalichapishwa mwaka 1990. Tangu hapo limetumika Kenya, Kamerun na kwingineko. Kazi yake ni nyepesi: maji yanakaa chini katikati ya mawe, mchanga wa juu unayanyonya kidogo kidogo, mvuke unabaki ndani, na majani hayakauki.

Tengeneza fremu ya mbao yenye urefu wa mita 1.5 na upana wa mita 1. Ukuta wa chini uwe na kina cha sentimita 40, na juu yake kifuniko cha nailoni angavu chenye mteremko kidogo ili matone yateremke pembeni yasidondokee miche. Ndani ya fremu tandaza nailoni nzito ya ujenzi, ile inayowekwa chini ya zege, kipande kimoja kisicho na tundu, ipande ukutani pande zote nne. Kabla ya kuitandaza, weka chini sentimita 3 za mchanga laini ili isitobolewe. Kisha mimina mawe ya ukubwa wa ngumi hadi sentimita 15, kokoto ndogo sentimita 5 za kujaza nafasi, na juu kabisa mchanga safi wa sentimita 10. Kwenye kona moja simamisha kipande cha mwanzi kilichotobolewa vifundo, au cha bomba, kinachofika mpaka kwenye mawe. Hapo ndipo utakapomiminia maji, na hapo ndipo utakapotumbukiza kijiti kupima kina. Maji yaishie chini ya mchanga, yasiufikie. Kwa sanduku la ukubwa huu kujaza mara ya kwanza kunachukua takriban ndoo 6 za lita 20. Baada ya hapo ni kuongeza tu kinachopungua, na kama nailoni haivuji, kinachopungua ni kidogo sana.

Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 7 kila upande, linaingia vipandikizi karibu 300. Kwa familia moja hiyo ni mingi, kwa hiyo majirani watatu wanaweza kuchangia sanduku moja bila kugombana.

Hapa Dar es Salaam joto ndilo linaloua masanduku mengi. Sanduku la nailoni likipigwa na jua la saa sita linapika kila kilichomo. Liweke chini ya mwembe, au jenga kichanja na ukitandike makuti tabaka mbili, jua lipenye kwa madoa madogo tu. Mchana fungua upenyo na uingize mkono: ukihisi joto la kukera, ongeza kuti. Usitoboe nailoni kupunguza joto, kwa sababu unyevu utatoka na hewa ya moto itaingia. Kila asubuhi na mapema funua, okota majani yaliyoanguka, nyunyiza maji kidogo kwa bomba la mkono, funga tena. Jani moja lililooza ndani ya sanduku lililofungwa hueneza ukungu kwa jirani zake wote.

Mawe na mchanga navyo vina mambo yake. Mawe ya matumbawe tuliyoyazoea pwani yana chokaa, na maji yatakayokaa humo yatakuwa na chokaa pia. Miche mingi hugeuka njano. Tumia mawe magumu na kokoto kama zile zinazotoka Lugoba. Mchanga uwe wa mto, wenye chembe za wastani, uchekechwe kuondoa vumbi na uoshwe hadi maji yatoke masafi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Kuua ukungu na mayai ya wadudu, mwagia maji yanayochemka. Kama unao mwingi, ulowanishe, utandaze kwa unene usiozidi sentimita 15, ufunike kwa nailoni angavu na uuache kwenye jua kali la Januari na Februari kwa wiki 4 hadi 6. Wala usichanganye samadi humo. Kipandikizi kisicho na mizizi hakiwezi kuitumia, na kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kinaipenda mno.

Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Kama ulimi unaihisi, mizizi michanga itaihisi zaidi, na dalili yake ni ncha za majani kuungua. Kwa kitalu kinga maji ya mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 200, ukitoa kinachomwagika pembeni. Hayo yanatosha kujaza sanduku mara ya kwanza, na mengine yakabaki.

Sasa kukata. Kata asubuhi, kabla jua halijapanda, na matawi yaende kwenye kitambaa kibichi mara moja. Usiyaweke kwenye mfuko ukauacha juani. Kwa mimea ya majani kama pesheni, ndimu, rozmari na maua ya haibiskasi, chagua tawi lisilo changa mno wala gumu mno: ukilikunja linajipinda kisha linarudi. Urefu wa sentimita 10 hadi 15, macho 3 au 4. Kata chini kidogo ya jicho, kwa sababu hapo ndipo mizizi hutoka kwa urahisi, na ukate kwa wembe au kisu kikali sana. Mkasi butu hupondaponda gome, na gome lililopondwa linaoza. Ondoa majani ya chini, ya juu yapunguze kwa nusu. Ukiyaacha yote mazima yatapoteza maji mengi. Ukiyang'oa yote hakutakuwa na chakula cha kutengenezea mizizi. Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ingiza kipandikizi sentimita 3 hadi 4, bana mchanga kwa vidole. Kisu kifutwe kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kila unapohama mti mmoja kwenda mwingine. Mforosadi, mtini, mzabibu na mkomamanga hata sanduku havihitaji: vijiti vigumu vya sentimita 20 hadi 25 visivyo na majani, vikichomekwa kwenye udongo mwepesi kivulini, hutosha.

Kung'oa kipandikizi kila siku kuangalia mizizi ni tabia tunayopaswa kuiacha. Vuta kidogo sana baada ya wiki 3 au 4. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Mizizi ikifika sentimita 2 hadi 3 hamishia kwenye kiriba, kile kifuko cha kukuzia miche, chenye udongo wa juu sehemu 3, mboji au samadi iliyooza kabisa sehemu 1 na mchanga sehemu 1. Hapa ndipo hasara kubwa inapotokea, kwa sababu mche unatolewa kwenye hewa nyevu na kuachwa kwenye upepo mkavu siku hiyohiyo. Rudisha viriba ndani ya sanduku kwa wiki moja. Wiki ya pili inua kifuniko asubuhi na jioni, ya tatu kiache wazi, ya nne toa miche kivulini nje. Ndipo ianze kuzoea jua.

Kama unataka miche mitano sita tu ya ndimu au mpera, achana na sanduku, fungia mizizi juu ya mti. Chagua tawi lenye unene wa kidole, lililonyooka na lenye afya. Menya gome kuzunguka tawi kwa upana wa sentimita 2 hadi 3, halafu kwangua ule utelezi uliobaki juu ya mti mpaka pawe pakavu. Usipoukwangua, gome litajiunga tena na mizizi haitatoka. Hilo ndilo kosa linalofanya watu waseme njia hii haifai. Zungushia konzi mbili za usumba uliolowanishwa na kukamuliwa, ukibana yatoke matone machache tu. Funga kwa nailoni angavu, kaza ncha zote mbili kwa kamba, juu yake zungushia kitambaa kuzuia jua. Usumba uwe wa makumbi makavu ya nyumbani, yaliyosuuzwa kwa maji baridi mara tatu au nne. Yale makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi.

Ukifunga mwanzoni mwa mvua, baada ya wiki 6 hadi 10 utaiona mizizi kupitia kwenye nailoni. Subiri ijae na ianze kubadilika kutoka nyeupe kuwa hudhurungi. Kata chini ya fundo, punguza nusu ya majani, panda kwenye kiriba kikubwa na ukiweke kivulini wiki 3 au 4. Faida yake ni kwamba mche huu ni mti uleule mama, hivyo huzaa mapema kuliko uliotoka kwenye mbegu. Upungufu wake ni kwamba hauna mzizi mkuu. Kwenye mchanga wetu wa Kigamboni na upepo wa kusi, uwekee nguzo miaka miwili ya kwanza.

Mgomba unastahili muda wetu. Wengi wanahamisha machipukizi pamoja na udongo na mizizi yake, na kwa kufanya hivyo wanahamisha fukusi na minyoo ya mizizi. Chukua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Lile la majani mapana limeshikamana na mama kijuujuu na tunguu lake ni dogo. Chimba tunguu zima, menya mizizi na ngozi yote ya nje mpaka libaki jeupe. Ukiona njia za kahawia ndani, fukusi ameshapita. Zikiwa nyingi, litupe. Lililo safi litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, litoe, lipoe kivulini. Sufuria, mafiga na kuhesabu taratibu vinatosha. Sekunde 30 zinaua kilicho karibu na uso wa tunguu bila kuua macho. Lakini mnyauko wa fuzari na mnyauko wa bakteria huishi ndani ya mishipa ya mmea, maji ya moto hayaufikii, kwa hiyo usichukue chipukizi kwenye shamba lenye migomba inayonyauka, hata likionekana zima.

Tunguu hilo moja linaweza kukupa mche mmoja, au kumi na zaidi. Kupata mingi, bandua maganda ya shina moja moja ukiacha nusu sentimita ya kila ganda juu ya jicho lake, mpaka ufikie kitovu cha ukuaji katikati. Kikate kwa alama ya msalaba, kina cha sentimita 2. Kitovu kikiwa kizima huyazuia macho ya pembeni yasichipue. Kikikatwa, yote huamka. Liache kivulini siku moja, kisha lifukie kwenye vumbi la mbao lililochemshwa na kukamuliwa, lifunikwe kwa sentimita 3 hadi 5. Vumbi lisitoke kwenye mbao zilizowekwa dawa. Weka ndani ya sanduku la nailoni, safari hii bila maji chini; nyunyiza tu vumbi linapoanza kukauka. Baada ya wiki 3 hadi 5 machipukizi yanaanza kutokeza. Yakiwa na majani 3 na mizizi yake, yatenge kwa kisu na uyahamishie kwenye viriba. Tunguu liendelee kubaki humo, litatoa mengine.

Muhogo watu huudharau kwa sababu pingili haigharimu kitu, na hapohapo ndipo ugonjwa unapopita. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, Usambara, na pwani yetu bado inateseka nao. Ugonjwa huu husafiri kwa inzi weupe na kwa pingili zenyewe. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unaonekana upesi, majani yanajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi inajificha: unjano hufuata mishipa ya majani ya chini, ambayo wakati wa kuvuna yameshapukutika. Basi usikate pingili kwenye shina ambalo hujaliona mizizi. Ng'oa, kata kila muhogo mahali pengi, na ukiona doa la kahawia ndani, shina hilo lisipandwe, wala jirani asigawiwe. Mizizi kuwa misafi si uthibitisho kamili, ila utaacha nje mashina yaliyoathirika zaidi.

Shina liwe na umri wa miezi 8 hadi 12. Tumia sehemu ya kati na ya chini, ncha changa iache. Pingili ya sentimita 20 hadi 25 yenye macho 5 hadi 7 inatosha. Kwangua gome kwa ukucha: utomvu ukitoka mara moja, bado iko hai. Mvua ikichelewa, hifadhi mashina marefu bila kuyakata, yakiwa yamesimama kivulini, vitako vyake vikigusa udongo. Na macho yaelekee juu unapopanda.

Kwa matembele na viazi vitamu kata marando ya sentimita 30 kutoka kwenye ncha, kwa sababu fukusi hutaga karibu na shina la chini. Tatizo kubwa ni kiangazi, marando yanakauka yote na mvua inapokuja huna cha kupanda. Baada ya kuvuna chagua viazi vidogo visivyo na tundu, vipange kwenye beseni katika mchanga mkavu uliopoa, visigusane, beseni likae ndani ya nyumba. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vitoe, uvipande kwenye tuta dogo karibu na jiko, umwagilie maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Mvua ikianza utakuwa na marando yako mwenyewe.

Nanasi, kishungi au maotea, liache likauke kitakoni siku chache kivulini kabla ya kupanda. Maotea huzaa mapema kuliko kishungi. Mchaichai gawa shina, punguza majani, panda. Mnyaa wa uzio kata na uache utomvu ukauke, lakini kinga macho, utomvu wake unaweza kuharibu uoni. Mnazi na mpapai ni vya mbegu, usipoteze muda kuvikatia vijiti.

Namalizia na mwembe, unaotaka kubebeshwa, yaani kikonyo cha mti mama kuunganishwa juu ya mche mwingine. Kokwa la embe halihifadhiki, lioteshwe ndani ya wiki mbili tatu baada ya kula tunda. Fungua ganda gumu, weka mbegu mgongo ukiwa juu. Mche ukifikia unene wa penseli, kwa kawaida miezi 6 hadi 9, uko tayari. Siku 7 hadi 10 kabla, nenda kwenye mti mama, kata majani ya kikonyo ukiacha vitako vyake, ili macho yavimbe. Siku ya kazi vitako hivyo vitadondoka vyenyewe ukivigusa. Kata mche sentimita 20 hadi 25 kutoka udongoni, upasue katikati sentimita 4, chonga kikonyo cha sentimita 10 hadi 12 kiwe kabari yenye urefu huohuo, ukiingize. Kama unene haulingani, lazima gome lilingane na gome angalau upande mmoja, maana ni chini ya gome ndipo vinapoungana. Funga kwa nguvu kwa utepe wa nailoni wa sentimita 2, vika mfuko mdogo angavu juu, weka kivulini. Kazi hii isifanyike mvua kubwa ikinyesha, maji yakiingia kwenye kidonda hakuna kinachoshika. Chipukizi likitokeza baada ya wiki 2 hadi 4 toa mfuko. Machipukizi yote ya chini ya kiungo yang'oe kila wiki, vinginevyo mti wa chini utakimeza kikonyo. Utepe uache mpaka miezi 2 au 3, kisha uukate kwa wembe upande ulio kinyume na kiungo; ukisahaulika shambani hukaba shina, na mwembe unavunjika hapohapo ukiwa umeshafika kiunoni.